Hema la Jangwani Uani kwa Bibi

Leo nimejiaibisha mbele ya mtaa mzima, nikiwa ndani ya shuka jeupe. Naandika haraka kabla Shangazi Mauwa hajawasimulia kwa namna yake. (Kwa namna yake, nilizimia. Sikuzimia.)

Wengi wenu mnaijua safari yangu. Kwa wasioijua: kuna kundi linalotembeza watu kwa lori kusini mwa Afrika, wiki mbili, kutoka Namibia mpaka Botswana. Mnaona tembo, mnaona twiga, mnaona jangwa. Bei ni nafuu kwa sababu hakuna hoteli. Kila mtu anakuja na hema lake, analisimamisha mwenyewe, na sahani zinaoshwa kwa zamu. Nilipoona tangazo nilisema ni utapeli. Nikamwandikia kiongozi wa safari maswali kumi na tisa. Alijibu yote, hata lile la simba anajuaje kuwa hema si chakula. (Alisema simba huliona hema kama jiwe. Nikauliza nani alimhoji simba. Akanitumia picha ya simba amelala kando ya hema, hana habari nalo.)

Mwishowe nikaamini, na tangu siku ile sijatulia. Nikifumba macho naona matuta ya mchanga mwekundu, moja nyuma ya lingine, na kivuli kimelala upande mmoja kama nguo iliyovuliwa. Nimekulia Kasongo, ambako ukisahau jembe uani siku chache za mvua unalikuta limefunikwa na majani. Ndiyo maana naota mahali ambapo hakuna jani hata moja.

Kilichobaki kilikuwa ruhusa. Baba yuko kwenye mashamba yake Wamaza. Aliniambia kwa simu, "Bibi yako akikubali, miye pia nimekubali. Akikataa, usinipigie tena juu ya hiyo mambo." Na nafasi yangu kwenye lori ilikuwa inashikiliwa mpaka leo saa kumi na mbili jioni.

Bibi Zaina ndiye mama yake Baba, ndiye aliyenilea, na nyumba ni yake. Wiki nzima hakusema ndiyo wala hapana. Alikuwa anakohoa tu. Jana akaniita.

"Unaenda kuangalia nyama za pori?"

"Ndiyo, Bibi."

"Utazikula?"

"Hapana."

"Utaziuza?"

"Hapana, Bibi. Ni kuangalia tu."

Akanitazama kama mtu anayetafuta kosa kwenye diploma yangu. "Na utalala wapi?"

"Mu hema."

"Hema iko namna gani?"

Nikaona afadhali nimwonyeshe. Leo alfajiri alitoka bila kusema anakwenda wapi, nami nikasema vizuri, akirudi atakuta hema limesimama, safi, la heshima, na atakubali.

Sasa fuateni vizuri. Ardhi ya kiangazi ni ngumu, vigingi vikapinda. Nikatoa viti vinane vya plastiki sebuleni na kufunga kamba za hema kwenye miguu yake. Kamba moja ilikuwa imeanguka nyuma ya kabati, kwa hiyo nikatoa pia meza na makochi, nikayapanga barazani. Hema nililinunua likiwa limeshatumika na juu lina tundu, kwa hiyo nikavuta turubai kubwa la bluu, bashi kama tunavyosema hapa, kutoka nguzo ya baraza mpaka kwenye mparachichi. Kisha nikafagia ua, kwa ajili ya picha.

(Watu wa Kasongo mmeshaelewa. Kwa wengine: hapa kwetu bashi ikifungwa uani asubuhi, viti vikatolewa nje na sebule ikaachwa tupu, maana yake ni kwamba mtu amefariki na watu waje kwenye kilio. Na mwenye nyumba alikuwa na kikohozi, na haonekani. Ushahidi ulikuwa kamili. Aliyeupanga wote ni mimi, na sikuona kitu.)

Orodha ya safari inadai kila mtu awe na shuka lililoshonwa kama gunia, la kulalia. Langu nimelishona kwa kitambaa cheupe, nikalitia zipu. Nikaingia hemani, nikaingia kwenye gunia mpaka shingoni, nikafunga zipu ya mlango. Ndani mwanga ulikuwa wa bluu, na joto lilikuwa zuri, kama la mkate. Nilisema nijaribu dakika tano.

Nikaota. Lori lilituacha na kuondoka bila sauti. Kiongozi alitembea mbele, nasi tukafuata nyayo zake, na kila unyayo ulijifuta mara tu tulipouacha. Niliona mto wetu Lualaba, lakini maji yake yamekuwa mchanga, na mchanga unatiririka polepole, na watu wa Nyangwe wako juu yake kwenye mitumbwi, wanapiga kafi bila haraka. Paa mwenye pembe ndefu alisimama juu ya tuta akinitazama kama mwalimu. Kisha matuta yakaanza kuimba. Kiongozi aliwahi kuniandikia kwamba mchanga wa kule huimba upepo ukivuma, nami nilidai uthibitisho. Sasa nikausikia mwenyewe. Tuta moja lilianza kwa sauti nzito ya kike, la pili likaitikia, kisha yote. Nilifurahi sana. Yaliimba, "Mama Zaina, ee, Mama Zaina."

Nikajiuliza, jangwa limemjuaje bibi yangu?

Nikafungua macho. Kupitia wavu wa hema niliona miguu mingi na vitenge vingi. Ua umejaa. Wanawake wamekaa kwenye mikeka, wanalia. Wanaume wamekaa kwenye viti vyangu vinane, vichwa chini. Hakuna aliyekaribia hema. Baadaye niliambiwa kwa nini: walidhani ndani yake anaoshwa marehemu.

Niliketi. Hema likatikisika. Kilio kikakatika palepale. Nikafungua zipu, nikasahau kwamba miguu yangu iko ndani ya gunia, nikatoka nikirukaruka, mweupe kuanzia shingo mpaka chini.

"Mayiti iko natoka yenyewe," alisema mtu mmoja, kwa sauti ya chini, kama anayetangaza mvua.

Jirani yetu Mzee Ramazani ni fundi mwashi, hupanda kuta ndefu bila kamba. Aliruka ua wa mianzi na kuacha ndala zake. Wengine walikuwa wanaondoka pia, mpaka Shangazi Mauwa, dada yake Baba, aliponitambua.

"Ni Amisi," akasema. Akaja, akanikumbatia pamoja na gunia. "Pole, baba. Pole sana. Ulibaki naye peke yako."

Tulieni hapa kidogo. Mimi ndiye niliyeandika humu mwezi jana maneno marefu kwamba watu wetu wanaamini kabla ya kuuliza. Nilikuwa na swali moja tu la kuuliza, fupi, la maneno mawili: nani amekufa? Sikuliuliza. Niliona macho ya Shangazi. Niliona viti. Niliona bashi (bashi yangu mwenyewe, mafundo yangu mwenyewe), nikaamini. Bibi. Kile kikohozi. Jana usiku hata sikumchemshia maji, nilikuwa nasoma habari za twiga.

Nikalia. Nililia kwa sauti ambayo sikujua ninayo. "Siendi tena," nilisema, "siendi jangwani, siendi popote." Nikaanguka, na kwa kuwa nilikuwa ndani ya gunia nikabiringika mpaka kwenye shina la mparachichi. Wanawake wakapata nguvu upya. Nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake, "Huyu mujukuu analia muzuri."

Simu ikaita. Baba. Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu, yuko juu ya pikipiki.

"Niko njiani na mbuzi. Mama alikufa saa ngapi?"

"Sijui, Baba."

"Neno lake la mwisho ilikuwa nini?"

Nilifikiri kwa uaminifu. "Aliuliza hema iko namna gani."

Baba akazima pikipiki. Kisha nikasikia baba yangu analia, jambo ambalo sijawahi kulisikia, na mtandao ukakatika.

Mzee Ramazani alikuwa amerudi kuchukua ndala zake. Akanishika bega, akaniambia nisiwe na wasiwasi, vijana wako makaburini tangu asubuhi, kaburi limefika kiunoni.

Hapo ndipo Bibi alipoingia.

Alitokea mlango wa nyuma, kikapu mkononi (hili nilisimuliwa baadaye). Aliona watu, aliona bashi, hakuuliza. Aliweka kikapu chini, akajifunga kitenge kiunoni, akakaa mwisho wa mkeka, akaanza kulia. Bibi anajulikana kwa kulia. Huitwa kwenye vilio hata vya mbali, mpaka Lusangi. Niliisikia ile sauti kutoka chini ya mparachichi, nikajiambia hata sauti yake bado naisikia, nikazidi kulia. Hakuna aliyegeuka. Kwenye kilio watu hutazama chini.

Baada ya muda Bibi akamgusa mwanamke aliyekaa kando yake.

"Dada, tunamulilia nani?"

"Zaina," mwanamke akajibu bila kuinua kichwa.

"Zaina gani?"

"Mama wa hii nyumba."

Bibi akatafakari. "Alikufa na nini?"

"Kikohozi."

Bibi akakohoa.

Sitaeleza sana yaliyofuata. Ndala za Mzee Ramazani zilibaki kwa mara ya pili.

Walipotulia, Bibi aliketi kwenye kiti kimojawapo (hema likainamia upande wake) na kuanza uchunguzi.

"Nani alileta habari?"

"Miye niliona bashi," alisema jirani wa kwanza.

"Miye niliona viti."

"Miye nilisikia kwa Mauwa."

"Miye nilikuta watu wanalia," alisema Shangazi Mauwa, "nikapigia kaka simu."

"Na weye, Amisi?"

"Mimi nilisikia kwao, Bibi."

"Hiyo bashi, nani alifunga?"

"Mimi."

"Viti?"

"Mimi."

"Na ukalia."

"Ndiyo, Bibi."

"Nilikusikia," akasema. "Ulilia kwa nguvu." Shangazi Mauwa akaanza kucheka, akaziba mdomo kwa kitenge, ikashindikana, na ua wote ukamfuata. Nilikuwa bado ndani ya gunia. Zipu ya gunia ilikuwa imekwama.

Mwanamke mmoja akanyoosha mkono polepole kuchukua beseni lake la unga wa muhogo aliloleta kwa wafiwa. "Hiyo unga iache," Bibi alisema bila kumtazama. Kisha akamgeukia Mzee Ramazani, ambaye alikuwa anachungulia juu ya ua. "Kaburi iko pande gani?"

"Karibu na ya muzee wako."

"Pazuri," alisema Bibi. "Lakini wafukie kwanza."

Ndipo akatuambia alikokuwa. Alikwenda kwa Hajjati, rafiki yake wa utotoni, mtu pekee anayemfahamu aliyewahi kuliona jangwa kwa macho yake, alipokwenda Makka. Alimuuliza mambo matatu: mchanga wake ni safi, maji yapo, na watu wanarudi? (Mimi nilimwandikia mgeni maswali kumi na tisa, na bibi mwenye macho yaliyoona yuko upande wa pili wa soko.) Hajjati alimjibu kwamba mchanga ni safi kuliko mkeka, maji ni ya kubeba, na watu wanarudi, ila wanarudi wakiwa wanazungumza polepole. Na kwamba usiku mbingu inashuka mpaka chini, pande zote, kwa sababu hakuna mti wa kuizuia.

Bibi akainuka, akavua ndala, akaingia hemani. Akafunga zipu.

Tukangoja. Hakuna aliyeondoka.

"Huko iko kimya kama humu?" sauti yake ikauliza.

Nikasogea karibu na kitambaa, nikaanza kumweleza. Nilimweleza matuta yanavyohama kidogo kidogo, kama mtu anayegeuka usingizini. Nilimweleza tembo wanaovuka mchanga usiku wakitafuta maji, hatua zao hazisikiki. Watu waliokuja kulia walikaa kwenye mikeka wakisikiliza, mikono magotini, na jua likapita kwenye bashi na kutufanya wote wa bluu. Kwa muda kidogo nadhani tulikuwa kule, mtaa mzima.

"Na simba?" aliuliza Mzee Ramazani.

"Analiona hema kama jiwe."

"Nani alimuuliza simba?"

Nikatafuta ile picha kwenye simu.

"Amisi," Bibi aliita.

"Bibi."

"Nimekubali. Uende."

Nililia tena. (Mara ya pili leo. Naomba isihesabiwe.)

"Lakini hema inabaki," akasema. "Humu mugongo wangu hauumi."

"Sasa mimi nitalala mu nini, Bibi?"

"Shuka unayo."

Nimemwandikia kiongozi saa kumi jioni kwamba nakuja. Baba amefika, ameambiwa, ameketi chini ya bashi kando ya hema, anazungumza na mama yake. Mbuzi anapikwa. Bibi amelala hemani na amekataa kutoka.

Kwa hiyo natafuta hema la kuazima, wiki mbili tu. Anayecheka asiniandikie. Na anayenipa, tafadhali, asije kunionyesha uani kwanza jinsi linavyosimama.