Tugiran wa Klaten na Vita vya Mtatariko

Tulieni, enyi mlioketi. Nanyi mliosimama mlangoni, ama ingieni ama ondokeni, mnatuzibia hewa. Nina habari kubwa, habari ya mtu aliyepigana siku tatu na adui asiye na mwili wala uso, akamshinda pasipo kumwagika damu, isipokuwa tone moja la kidole gumba alipojichoma na bisibisi, nalo lilikuwa dogo. Walikuwako mashujaa waliokwenda kuteka miji na kurudi na ngamia. Hao mimi siwajui. Mimi namjua Tugiran.

Na ni nani Tugiran? Ndiye mlinzi wa kivuko cha reli mjini Klaten, mshusha vizuizi, ambaye kwa miaka thelathini na mmoja alinyoosha mkono wake na malori yakasimama, mabasi yakasimama, na bwana mkubwa mmoja wa wilaya naye akasimama, akapiga honi mpaka akachoka mwenyewe. Alipostaafu akarejea nyumbani kwake nyuma ya soko, na kwa kuwa hakuwa tena na treni ya kuingojea, akanunua kinda la murai, ndege mweusi mwenye tumbo jekundu na mkia mrefu kuliko adabu zake. Akamlisha panzi kwa mkono wake, mmoja mmoja, akamwita Guntur, maana yake ngurumo. Nawaambia waziwazi, mtu huyu alimpenda yule ndege. Mkewe Warsiyem alijua, wala hakuona wivu, ila siku ile panzi walipotoroka koponi wakaingia kwenye mchele.

Basi jueni kwamba kwao murai haachwi aimbe apendavyo. Murai husomeshwa. Kizimba chake hufunikwa kitambaa, hutundikwa mahali patulivu, na chini yake huwekwa spika, ambayo kutwa nzima humsomea sauti za wenzake, chiriku na shorewanda na nyenje wa msituni, mpaka azishike na kuzitoa kana kwamba ni zake. Siku ya mashindano waamuzi hupita chini ya vizimba, wametega masikio, na ndege aliyeimba vyema husimikiwa kibendera. Ndege aliyejifunza takataka, kama mlio wa paka, hupitwa tu, na mwenye ndege huangalia viatu vyake njia nzima ya kurudi.

Sasa sikieni jinsi vita vilivyoanza. Jumapili moja Tugiran alikuwa kwenye mkokoteni wa kahawa, amekaa benchi moja na jirani yake Ngadimin, mwenye vibendera tisa, alivyovitundika sebuleni mahali palipokuwa na picha ya mama mkwe.

"Kang Tugiran," akasema Ngadimin, akimwita kaka kwa heshima aliyokuwa anakaribia kuivunja, "huyo Guntur wako ana miaka miwili sasa, hata kibendera cha kufutia pua hajapata. Niletee mimi nimsomeshe."

"Kwani mimi simsomeshi?"

"Wewe umezoea treni, Kang. Treni haifundishwi kupiga kelele."

Benchi zima likacheka, hata muuza kahawa. Ndipo Tugiran akainuka, akavuta suruali yake juu, akanena mbele ya watu: "Sikilizeni nyote, na mshike vikombe vyenu vizuri. Jumapili ijayo Guntur asiposimikiwa bendera, huyu Ngadimin aje nyumbani kwangu amchukue, na kizimba chake, na kitambaa chake, na kopo la panzi." Akaketi. Kabla kahawa haijapoa alikuwa ameshajuta, lakini maneno yalikuwa yameshasikika.

Hata ikawa Jumatano, saa nne asubuhi. Tugiran amekaa chini ya kizimba, kompyuta mbele yake, spika inasoma, na moyo wake umetulia. Mara akasikia: krrr, ta-ta-ta.

"Mama Ratri," akaita kuelekea jikoni, "punguza moto. Hiyo tempe yako inaingilia somo."

"Tempe gani?"

"Unayoikaanga."

"Sikaangi kitu, Baba Ratri. Gesi imeisha tangu asubuhi. Nilikwambia, ukaitikia 'ndiyo' kwa sauti kabisa."

Tugiran akasimama polepole. Jikoni kimya, karai limeinamishwa ukutani. Na spika, bila aibu, ikarudia: krrr, ta-ta-ta, katikati kabisa ya wimbo wa chiriku. Ndipo ukweli ulipomshukia. Wiki mbili nyuma tundu la sauti la kompyuta lilikuwa limekufa, na binti yao Ratri, aliyeajiriwa Surabaya, akatuma kikadi cha sauti cha USB, kidude cha ukubwa wa kidole, kinachochomekwa ubavuni mwa mashine. Na kwa kuwa Warsiyem alikuwa akikaanga tempe, yaani vipande vya soya iliyochachushwa, ya kuuza asubuhi na alasiri, mumewe kila aliposikia mtatariko alihesabu kuwa ni mafuta ya moto. Kumbe kwa wiki mbili nzima Guntur, chini ya kitambaa chake, alikuwa akifundishwa kutatarika.

"Nimeingiliwa nyumbani kwangu," akanena Tugiran. "Adui amekula meza moja nami na mimi nikamwita tempe."

"Mezani hapa umekula wewe tu," akasema Warsiyem. "Naenda kununua gesi."

Akabaki peke yake na adui. Akasema bismillahi, akafunga kitambaa cha batiki kichwani, akachukua bisibisi. Kwanza aliishambulia spika, akaipangusa, akaigonga mgongoni, akaisemesha, ikazidi kutatarika. Akaiondoa, akavaa visikilizio vya masikioni, na adui akamngurumia ndani ya fuvu. Basi spika haikuwa na hatia, akaiomba radhi. Akaushuku wimbo wenyewe, akauhamishia kwenye simu, ukatoka safi kama maji ya kisima. Akabadilisha waya wa spika, akaweka wa redio ya zamani, na mtatariko ukapita humo bila kugeuka nyuma. Hapo ndipo kidole gumba kilipojeruhiwa, katika harakati ambazo msimulizi huyu hazielewi hadi leo, maana hapakuwa na kitu chochote cha kufungua. Machweo yalimkuta ameketi kati ya nyaya, amechoka, na kizimba juu yake kikiwa kimya.

Alhamisi, saa ya mapumziko ya mchana, akampigia Ratri.

"Baba, hicho kikadi umekichomeka wapi?"

"Kwenye kile kigawanyo chenye matundu manne."

"Na kingine kilichochomekwa hapo ni nini?"

Yule aliyesimamisha malori akakohoa. "Feni ndogo ya mama yako."

"Na?"

"Simu."

"Na?"

"Raketi ya kuulia mbu."

"Baba jamani. Hapo ni watu wanne wanakunywa chai kikombe kimoja. Kikadi hakipati umeme wa kutosha, ndiyo maana kinakwaruza. Kitoe, kizungushe nyuma ya kompyuta, kichomeke huko moja kwa moja, kiwe peke yake. Halafu kwenye mipangilio kuna mahali mashine inazima tundu ili kubana umeme. Ondoa hiyo tiki."

"Nani aliyeiruhusu kubana umeme nyumbani kwangu?"

"Ilitoka nayo dukani, Baba. Ondoa tu."

Enyi mnaosikiliza, ingekuwa vyema hapa tukanyamaza kidogo. Tugiran akapiga magoti. Akapita chini ya meza, palipo na vumbi la miaka sita, na buibui, na kijiko kilichotafutwa tangu Idi. Akainyoosha mikono yake gizani nyuma ya mashine, shavu limebanwa ukutani, akapapasa tundu, akalikosa, akapapasa tena, akaigeuza plagi, haikuingia, akaigeuza, haikuingia, akaigeuza mara ya tatu ikaingia kwa namna ileile ya kwanza. Kisha akatoka, akaitafuta ile tiki kwa nusu saa, akaing'oa. Akauwasha wimbo. Chiriku akaimba, nyenje akaimba, na katikati yao hapakuwa na kitu. Tugiran alilia kidogo, nami simlaumu.

Lakini alasiri ileile, amekaa anakunywa chai: krrr, ta-ta-ta.

Hapo moyo ulimkatika. Akakihamisha kikadi tundu la pili, na la tatu. Akaizima mashine akaiwasha, akaifungua akaipiga brashi ya rangi. Mtatariko ukawa unakwenda na kurudi upendavyo, mara dakika kumi kimya, mara tatu mfululizo. Ijumaa asubuhi Ratri mwenyewe akasalimu amri: "Basi labda kikadi kimekufa, Baba. Nitakutumia kingine, kitafika Jumatatu."

"Jumatatu," akasema Tugiran, "Guntur atakuwa sebuleni kwa Ngadimin, chini ya vibendera tisa." Akakata simu. Akaanza kulipangusa kopo la panzi, ili angalau likabidhiwe safi, na Warsiyem alipoliona hilo akamletea kitambaa kikavu.

Baada ya sala ya Ijumaa, shujaa alirudi akaketi kitini, ameinamisha kichwa. Ikaja tena, kali kuliko zote: krrr, ta-ta-ta, krrr.

"Mashine iliyolaaniwa," akanena. "Nimekupa tundu lako, nimekupa umeme wako, nimepiga magoti mbele yako. Unataka nini tena?"

"Unaongea na nani?" akauliza Warsiyem, aliyekuwa kwenye kona na pasi mkononi.

"Na kompyuta."

"Kompyuta nimeichomoa. Nanyoosha shati lako la batiki la Jumapili."

Tugiran akatazama. Kioo kilikuwa cheusi, na waya wa umeme umelala sakafuni. Na sauti ikaja tena: krrr, ta-ta-ta. Wote wawili wakainua macho juu, taratibu, kwenye kizimba. Warsiyem akaweka pasi chini, akanyoosha mkono, akafunua kitambaa. Guntur alikuwa amesimama katikati ya kijiti chake, kifua mbele, mkia juu, na mbele ya macho yao akafungua mdomo, akatatarika.

"Ah," akasema Warsiyem. "Ameiva."

Naam, tangu Alhamisi mashine ilikuwa imepona. Kwa siku nzima na robo Tugiran alikuwa akipigana na mwanafunzi wake mwenyewe. Akakaa chini sakafuni, akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akakumbuka Jumapili, kicheko kikaisha. Hakukuwa na la kufanya ila moja. Akairudishia mashine umeme, akamsomea Guntur nyimbo safi Ijumaa yote iliyobaki na Jumamosi kutwa, na Warsiyem, bila kuombwa, akahamishia karai lake kwa dada yake asikaange chochote nyumbani. Mapenzi ya watu wazima ndiyo hayo.

Jumapili uwanja ulijaa. Vizimba ishirini na vinne vikatundikwa kwenye waya, watu wakasukumwa nyuma ya kamba, na spika ya kamati ikatoa onyo kuwa anayempigia ndege wake kelele atatolewa. Guntur akafungua kwa nyenje, mrefu, hakutikisika. Akaingia chiriku. Mwamuzi akasogea chini yake, kibendera mkononi. Akaingia shorewanda, na watu nyuma ya kamba wakaanza kuangaliana, na Ngadimin akaacha kutafuna. Kibendera kikaanza kushuka ardhini. Na hapo hapo: krrr, ta-ta-ta.

Mkono wa mwamuzi ukasimama. Tugiran akafumba macho. Akamwona Guntur ukutani kwa mtu mwingine, anakula panzi wa mtu mwingine.

Mwamuzi akageuka, uso umekunjamana, akaitazama meza ya kamati. "Nyie wenye spika," akasema, "mtambo wenu unakwaruza. Zimeni, nimsikie ndege."

Mtangazaji akazima mbiombio, masikio mekundu. Guntur, aliyeshtushwa na ule mlio wa swichi, akarudi kwa nyenje na hakutoka humo tena mpaka kengele. Na kibendera kikasimama chini yake, cha kijani, cha daraja la tatu, kidogo kiasi cha kufunika kikombe cha chai.

Tugiran alifungua mdomo aseme kweli. Warsiyem akamkanyaga mguu, na kandambili ya mke wake ilikuwa nzito. Lakini mtu huyu alikuwa na dhamiri, na dhamiri yake ikampeleka kwenye meza ya kamati, alikokuwa yule mtangazaji masikini amepiga magoti anapekua nyaya zisizo na kosa lolote.

"Mwanangu," akamwambia, kwa sauti ya kivuko cha reli, "kichomeke nyuma, peke yake. Na uondoe ile tiki."

Mtangazaji akafanya hivyo, akawasha, spika ikatoka safi, kama ilivyokuwa safi tangu mwanzo. Akamshukuru kwa kipaza sauti mbele ya uwanja mzima, na watu wakampigia makofi Pak Tugiran, yaani Bwana Tugiran, fundi wa sauti.

Kwao aliyeshindwa hubeba kizimba, na Ngadimin akakibeba, kimefunikwa kitambaa, mpaka njia ya soko. Karibu na mlango wa Tugiran, kutoka chini ya kitambaa: krrr, ta-ta-ta.

Ngadimin akasimama. "Kang, hiyo nini?"

"Tempe," akasema Tugiran. "Mama Ratri anakaanga."

Ngadimin akamtazama Warsiyem, aliyekuwa akitembea kando yake, mikono mitupu. Warsiyem akainama, akaweka sawa kandambili yake.

"Gesi ya siku hizi," akasema, "inasikika mbali."

Basi andikeni, enyi wenye kalamu, kwamba mwaka huo, katika mji wa Klaten, kikadi kilichomekwa nyuma, kikiwa peke yake, na Guntur akalala kwao.