Mhandisi Mkuu wa Majitaka

Mfereji wa majitaka ulipofurika mbele ya ofisi za halmashauri, mji mzima uliziba pua isipokuwa mtu mmoja. Huyo aliitwa Mtaalamu, jina alilojipachika mwenyewe, na utaalamu wake ulikuwa kula vya watu na kuhama mji. Aliwatazama madiwani wakiruka madimbwi na suti zao, akawaza kwamba mtu aliyeziba pua amebakiwa na mkono mmoja tu wa kulinda mfuko.

Kesho yake alikuwa ofisini kwa meya, koti limepigwa pasi, kwapani ramani ya mji asioujua. Pembeni aliketi mweka hazina, shemeji yake meya, mama mpole aliyekuwa akifuma sweta la mjukuu.

"Mheshimiwa, wafadhili wangu watawajengea mtambo mzima wa kusafisha majitaka," alisema Mtaalamu. "Mabwawa, pampu, mabomba, kila kitu. Nyinyi mnagharimia upembuzi yakinifu tu. Taslimu, maana wale wazee hawapendi mizunguko."

Meya hakuuliza maji yatasafishwa vipi. Wafadhili ni akina nani, hakuuliza pia. Kichwa kile kilikuwa na nafasi ya swali moja, nalo likatoka.

"Mradi unakuja na magari mangapi?"

"Ya mradi, mheshimiwa, au ya kwako?"

Meya akacheka mpaka tai ikapinda. "Mdogo wangu, wewe kazi unaijua. Shemeji, tumpe?"

"Tumpe," alisema mama, macho hayatoki kwenye uzi. "Ila hadharani. Unawajua watu wetu kwa maneno. Tufunge turubai, tuweke vipaza sauti, tumtambulishe kama Mhandisi Mkuu."

Hapo tapeli mwenye akili timamu angesema ana msiba kwao, akaondoka. Lakini mahakimu walikuwa wamemwita bwana huyu majina ya kila namna, hilo hawajamwita hata siku moja. Kichwa kikamvimba. Akauliza kama atapata nafasi ya kuhutubia.

Alihutubia, tena sana, kwenye kiwanja kitupu nje ya mji. Alipanga abebe bahasha na kuwahi basi la mchana, lakini utamu wa kipaza sauti ukamnogea. Alieleza habari za mabwawa kwa hisia hadi macho yakamlengalenga. Kisha meya akamkabidhi bahasha, wakapeana mikono, wakapigwa picha.

"Ndugu wananchi," alisema meya, "mnalipa tozo ya majitaka kila mwezi, na kila siku mnaniuliza imekwenda wapi. Leo nimeikabidhi yote, mkiona kwa macho yenu, kwa ndugu huyu. Kuanzia sasa muulizeni yeye."

Watu wakapiga makofi. Tozo hiyo, kwa faida ya msomaji mwaminifu, ilikwisha zamani: nusu ilikuwa ghorofa ya meya, nusu ilikuwa saluni ya shemeji. Mtaalamu akapenyeza kidole ndani ya bahasha na kukuta karatasi tupu zilizokatwa kwa mkasi, kwa mkono mtulivu. Kazi hiyo aliitambua, maana ndiyo iliyomlea.

"Mheshimiwa, humu hamna kitu," alinong'ona.

"Waambie basi," meya alijibu, akiwatabasamia wapiga picha. "Na ukimaliza, waambie umesomea wapi uhandisi."

Mtaalamu aliogopa, na aliogopa kweli. Akikana kupokea, ameumbuka kuwa tapeli. Akinyamaza, mji mzima unamdai. Gari la meya lilikwisha kuondoka, shemeji akipunga sweta dirishani, na watu walikuwa wamekwisha kulizunguka jukwaa.

Mwanamke mmoja, muuza mkaa ambaye majitaka yaliingia hadi chumbani kwake, alipanda jukwaani na koleo.

"Umelipwa, baba. Anza kuchimba."

"Mitambo yangu iko njiani, mama."

"Ikija itakukuta shimoni."

Mhandisi Mkuu akavua koti.