Nilivyopunguza Injini kwa Stika

Jumatatu, 9 Juni 2025
Oyugis. Balaa! Ryoba, mwenyekiti wa steji yetu ya bodaboda, ametangaza kwamba Ijumaa asiye na nambari pleti anapoteza nafasi. Yangu ni ya kwanza kwenye foleni, mbele ya kinu cha kusaga unga. Nimeipigania miaka miwili!

Nikaenda kwa Millicent, wakala wa usajili. Akataja bei. Nikakaa kitini bila kukaribishwa. Mbona Cliff, anayenifuata kwenye foleni na kunitamania nafasi, alilipa kidogo? Akasema injini ya Cliff ni ndogo, yangu ni kubwa, ya sisi 150, na tena duka lililomuuzia Cliff lilikuwa limeshaweka sehemu ya ada kwenye bei. Hayo ya duka sikuyasikiliza. Nikamwambia huu ni ubaguzi. Akauliza kama nimemaliza.

Jumanne, 10 Juni
Wazo! Tofauti ni jina la pikipiki tu. Nimekwenda hadi Kehancha kwa Mniko, fundi wa stika, maana Oyugis wangenijua. Nikapitia njia za ndani huko Uriri nikikwepa polisi. Mniko akabandua jina kwenye tangi, akabandika la pikipiki ya Cliff, na namba 100 kwa tarakimu kubwa. Akashangaa. Wateja wake wote huomba kuongezewa, mimi wa kwanza kuomba kupunguziwa. Mafuta na stika vimekula nusu ya nilichotaka kuokoa. Si neno. Nusu bado ni nusu.

Jumatano, 11 Juni
Awino, mke wangu, ameuliza kama nimebadilishana pikipiki na Cliff. Nikamwambia ni siri ya kazi. Akacheka mpaka akaketi.

Mchana nimefanya mazoezi ya kwenda polepole, injini ionekane ndogo. Joyline muuza dagaa wa omena, mteja wangu wa kila siku, amepanda ya Cliff. Eti yangu inaonekana mgonjwa!

Ijumaa, 13 Juni
Siku ya aibu. Millicent alitazama tangi, akatikisa kichwa kukubali. Nikaanza kutabasamu. Kisha akazunguka nyuma, kwenye gurudumu. Madigadi! Herufi nyekundu, nilizolipia mwenyewe Desemba: WILLIS 150, PISHENI!

Akachutama, akasoma namba iliyochongwa kwenye fremu. Akasema injini haisomwi kwenye stika. Na sasa kwa kuwa tangi linasema hili na karatasi zinasema lile, lazima pikipiki ikaguliwe kwanza. Ukaguzi una ada yake. Majibu Jumanne!

Ryoba hakungoja Jumanne. Cliff sasa ni wa kwanza. Mimi sina hata nafasi ya mwisho. Cliff alinipa pole kwa upole wa kweli, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Nimesukuma pikipiki hadi nyumbani nikiwa na machozi. Nilisema ni vumbi.

Jumamosi, 14 Juni
Awino anasema nilipe ada kamili, nibandue stika, nimwombe Ryoba msamaha. Nimemsikia. Nimejichunguza kwa unyenyekevu na kukiri kosa langu: nilisahau madigadi.

Ila Millicent mwenyewe alisema ada hufuata injini. Shemeji yangu Javan ana baiskeli. Haina injini, haina ada, na hakuna aliyewahi kumuuliza nambari pleti.

Kesho naazima spana. Injini nitaifunga ndani ya gunia, nyuma kwenye kiti cha abiria.