Makosa Mia Mbili na Kumi na Manne ya Kisiwa cha Walor

"Kwa furaha na unyenyekevu, Ofisi ya Tarafa ya Walor inawatangazia wananchi wote, walio nchi kavu na walio baharini, kwamba kuanzia leo Jumatatu kompyuta ya serikali ina kiini kipya. Kiini cha zamani kimestaafishwa kwa heshima zote. Sasa ofisini hakuna tena kitu cha kale, isipokuwa modemu na Oma Dolfina, na vyote viwili vitashughulikiwa."

Tangazo hilo nililibandika mlangoni mimi mwenyewe, kwa gundi ya wanga wa mti wa sago. Mimi ndiye Oma Dolfina, na Oma ni bibi. Sikununa. Jina lako likitokea kwenye tangazo la serikali na hudaiwi wala hutafutwi, hiyo ni heshima.

Nimo serikalini mwaka wa thelathini na moja sasa. Cheo changu ni Mtumishi wa Kahawa na Usafi. Wenye wivu huita kufuta meza.

Kiini, kwa asiyejua, ni moyo wa Linux, ule mfumo unaoiamsha kompyuta asubuhi na kuikumbusha kazi yake. Mjini waliagiza ofisi zote ziwe na kiini kipya, na mkuu wetu wa tarafa, Pak Camat Yosafat Lekatompessy, ni mtu wa kutii kabla ya kusoma mpaka mwisho. Diski yenye kiini cha zamani aliizika nyuma ya ofisi, karibu na tangi la maji, kwa hotuba ya dakika arobaini. Kahawa ya mazishi niliipika mimi.

Jioni hiyo hiyo modemu ikagoma.

Modemu yetu ni kisanduku cha rangi ya jivu. Hupiga simu mjini, hulia kama paka aliyekanyagwa mkia, kisha hupeleka barua. Wenye haraka watasema siku hizi kuna njia nyingine. Mjini ziko. Lakini ofisi ya bandari ya mjini hupokea orodha ya abiria kwa modemu tu, maana modemu yao imo katika chumba ambacho ufunguo wake umepotea, na chumba kisichofunguka hakibadilishwi mitambo. Orodha ifike kabla ya saa sita mchana Jumatano. Isipofika, meli ya Ijumaa inatupita kama haituoni, na nyingine ni baada ya majuma mawili.

Majuma mawili hatukuwa nayo. Mjukuu wangu Selfina alikuwa na mapacha tumboni, na mmoja amekaa vibaya. Mkunga wetu, Ibu Marthina, alimpima Jumatatu ile ile, akamwendea Bapak, kama tunavyomwita mkuu, akiwa na viatu vya kliniki miguuni.

"Bapak, Selfina lazima apande meli ya Ijumaa. Mimi peke yangu hapa siwezi kumzalisha. Nipande kilima cha kanisani, kwenye mtandao, niwapigie simu bandari?"

Pak Camat akatabasamu kwa huruma, kama unavyomtabasamia mtu asiyejua utawala.

"Ibu, sauti haina muhuri."

Maneno hayo yalimpendeza mwenyewe. Akamwambia katibu wake, Pak Bernadus, ayaandike, ayagonge muhuri na kuyaweka kwenye fremu. Kwa kuwa modemu ilikuwa imegoma, akapanda kilimani, akapiga picha ya fremu na kuwatumia wakubwa mjini. Nilimpelekea Ibu Marthina kahawa. Hakuinywa.

Sasa, tatizo. Kati ya kiini na modemu kuna mkalimani, aitwaye kiendeshi. Kiendeshi chetu kilikuwa cha zamani na kiini kipya hakikumfahamu mkalimani huyo hata kwa sura. Ilibidi kipikwe upya. Unachukua maandishi yake, ambayo ni kama maelezo ya mapishi, unaipa kompyuta, nayo inakupikia kitu kinachofanya kazi. Mafundi wana neno lao. Mimi nasema kupika, na kiini hakijalalamika.

Pak Bernadus akabonyeza cha kubonyezwa. Kompyuta ikapika, ikaunguza, ikatoa orodha ndefu ya makosa. Mia mbili na kumi na manne.

Ofisi nyingine ingeona aibu. Pak Camat aliona fursa. Jumanne asubuhi, kwenye gwaride la bendera, akatuhutubia.

"Ndugu watumishi! Tarafa yetu imejaliwa makosa mia mbili na kumi na manne. Tarafa jirani haina hata moja! Haya ni mali ya umma. Yasimamiwe."

Ikaundwa Kamati ya Upatanisho Endelevu wa Kiini na Kiendeshi. Kila kosa lilichapishwa, likapewa namba ya jalada na muhuri. Watumishi tuko kumi na mmoja, kila mmoja akakabidhiwa makosa kumi na tisa, na matano yaliyobaki akapewa mlinzi wa geti, kama kaimu. Afisa Mifugo alipata kosa la kumi na saba, akalitunza vizuri sana. Mimi niliyaweka yangu kwenye sahani ya mikate mikavu ya sago, chini ya kitambaa, yasipeperuke.

Na kwenye kompyuta kikabandikwa Waraka Namba Sita: "Hakuna mtu asiye na barua ya kazi atakayegusa kibodi, isipokuwa kwa usafi."

Saa nne akaja mzee wetu Om Naftali, Om yaani mjomba. Huyu alikuwa fundi wa simu kabla hajastaafu, na ndiye aliyeileta modemu kisiwani, mapajani, ndani ya mtumbwi. Maandishi ya kiendeshi anayahifadhi mpaka leo kwenye kopo la biskuti.

"Bapak, nipe nusu saa tu," akasema.

"Una barua ya kazi, Om?"

"Kazi gani? Nabonyeza vitu vitatu vinne, naondoka."

"Kubonyeza ni kazi. Barua ya kazi inaombwa mjini."

"Inaombwaje?"

"Kwa modemu."

Om Naftali akamtazama muda mrefu, kama anatafuta waya ulikokatika.

"Basi nitakunywa kahawa."

"Kahawa haihitaji barua," akasema Pak Camat, mkarimu kama kawaida yake, akaenda kukagua makosa.

Siku nzima Om Naftali alikaa kwenye benchi, akichovya mkate wa sago kwenye kahawa na kuisoma orodha ya makosa. Jioni akaniita.

"Oma, watu hawa wanahangaika bure. Ona hili la juu kabisa. Kiendeshi kinaomba karatasi fulani kwenye chumba cha zamani. Karatasi ipo, ila kiini kipya kimeihamishia chumba kingine. Kwa kuikosa hiyo moja, kila mstari unaofuata unapotea. Hili ndilo mama. Hayo mengine yote ni watoto wake."

"Ukimpata mama?"

"Watoto wanamfuata, wanaondoka."

"Si umwambie Pak Camat?"

"Nimemwambia. Kasema nimeleta hoja nje ya ajenda."

Usiku Selfina alinionyesha tumbo likiruka huku na huku. "Oma, kwa ukorofi huu hawa watakuwa maafisa tu." Akacheka, kisha akashika kiuno, akaanza kuhesabu kwa vidole siku za kufika Ijumaa. Kuhesabu kwake ndiko kulikoninyima usingizi.

Jumatano saa mbili asubuhi nilikuwa nafuta kibodi, kama ninavyofanya kila siku ya Mungu. Om Naftali alikuwa kwenye benchi lake na kikombe chake.

"Oma," akasema taratibu, "hiyo kibodi ina vumbi."

"Nimeshaifuta."

"Ina vumbi kwenye herufi L."

Nikamtazama. Naye akautazama Waraka Namba Sita, pale kwenye maneno "isipokuwa kwa usafi". Nikakunja kitambaa, nikaifuta L. Ikatokea kwenye kioo.

"Na I. Na N. Usikimbie, Oma, vumbi halina miguu."

Shule niliiachia darasa la tatu, mwaka karafuu zilipozaa sana, lakini herufi sikuziacha. Nikafuta neno zima. Nikafuta mkwaju uliolala, nikafuta nukta, nikafuta ile alama inayofanana na geti la mbuzi. Watumishi walipita na majalada yao wakanisalimia. Hakuna asiyeheshimu usafi.

"Sasa futa kile kitufe kikubwa cha kulia."

Nikakifuta. Kompyuta ikapika. Makosa yakabaki sita.

"Mama kaondoka," nikasema.

"Kaondoka na ukoo wake."

Hayo sita yalikuwa ya kengele. Zamani kiendeshi kikitaka kuamshwa baadaye kilisema tu, "Niamshe." Kiini kipya kinataka kijue anaamshwa nani, kwa utaratibu upi, na fomu yake iko wapi.

"Kumbe kiini nacho kimeajiriwa serikalini!" nikasema.

Om Naftali alicheka mpaka kahawa ikamwagika, nikapata sababu nyingine ya kufuta. Katikati ya maandishi tulikuta maneno ya aliyekiandika kiendeshi, mtu wa mbali, wa nchi ya theluji, ambaye sijui hata sura yake: "Mimi nimechoka, anayeweza aendeleze." Nikamwahidi kimoyomoyo kwamba tunaendeleza.

Saa tano na nusu kompyuta ikapika bila kuunguza. Kosa hata moja halikuwepo. Hapo hapo Pak Bernadus akapita kuchukua takwimu za mchana, akaona sifuri, akapiga kelele ya mtu aliyeibiwa.

Pak Camat alikuja mbio, kofia mkononi.

"Nani kachukua makosa ya serikali?"

"Hayapo, Bapak! Yalikuwepo asubuhi, nimeyahesabu mwenyewe!"

"Jumamosi niko mjini kupokea tuzo! Tarafa Bora katika Usimamizi wa Makosa! Nitasimama jukwaani na nini? Na sifuri?" Akanigeukia. "Oma, umeona mtu hapa?"

"Sijaona mtu, Bapak. Mimi nafuta tu."

"Yarudishwe. Yote. Leo leo. Ni amri!"

"Nitakuandalia amri ya maandishi," akasema Pak Bernadus.

"Bapak," nikasema, "nimalizie kufuta kwanza?"

"Malizia, lakini upesi."

Nikafuta jina la Selfina, likatokea kwenye orodha ya abiria. Nikafuta la Ibu Marthina. Nikafuta la kwangu. Kisha, kwa kuwa mimi ni mtumishi mwaminifu, nikauliza, "Bapak naye atapanda meli ya Ijumaa?"

"Mimi? Na mbuzi na mapipa ya mafuta ya taa? Oma, mimi natumiwa boti ya kasi."

Nikakifuta kitufe kikubwa. Modemu ikaamka, ikalia, ikakoroma, ikapiga mluzi. Sijawahi kusikia kwaya ya Pasaka tamu kama ile.

"Kelele gani hiyo?"

"Uchafu unatoka, Bapak."

Om Naftali alikohoa ndani ya kikombe. Zikiwa zimebaki dakika tisa kufika saa sita, mjini wakajibu: "Imepokelewa. Abiria watatu. Orodha imefungwa."

Saa saba amri ya maandishi ikafika, ina muhuri na sahihi mbili. Kurudisha maandishi ya zamani, kuondoa kiendeshi kipya, na yeyote atakayepunguza makosa tena atachukuliwa hatua. Nikairudisha hali yote kama ilivyokuwa, kwa kitambaa. Niliyahesabu makosa mara mbili, yasipungue hata moja. Mia mbili na kumi na manne. Pak Camat akanipongeza mbele ya watu.

Ijumaa asubuhi bahari ilichafuka. Meli kubwa hiyo ikatia nanga bila wasiwasi. Boti ya kasi ilighairi, na habari ililetwa na mtu aliyeteremka mbio kutoka kilima cha kanisani. Selfina alikuwa keshapanda, amekaa juu ya gunia la nazi, Ibu Marthina kamshika mkono. Mimi nilikuwa na mguu mmoja kwenye ngazi nilipomwona Pak Camat anakuja, suti nyeusi, sanduku kichwani kwa mlinzi wa geti.

Afisa wa meli, binti mmoja mkavu wa uso, alishuka na orodha yake ndani ya plastiki.

"Jina?"

"Camat Lekatompessy."

"Halimo."

"Halimo vipi? Kisiwa hiki ni changu!"

"Sibishi, Bapak. Orodha ina abiria watatu."

"Niongeze basi, mimi ndiye niko hapa nakuambia!"

Binti akafungua upande wa pili wa plastiki. Humo mlikuwa na waraka mpya wa bandari, uliosambazwa meli zote, na juu yake picha ya fremu ninayoijua, maana huifuta kila asubuhi.

"Mjini wameyapenda sana maneno haya," akasema. "Yametoka kwenye tarafa yako hii hii. Sauti haina muhuri."

Pale gatini mbuzi mmoja tu ndiye aliyechangia hoja.

"Tuma orodha ya nyongeza kwa modemu," binti akamwambia kwa upole. "Tunasubiri saa moja. Zaidi ya hapo mawimbi hayaturuhusu."

Pak Camat akamgeukia Pak Bernadus. Pak Bernadus akamgeukia Afisa Mifugo. Kamati nzima ilikuwa gatini imekuja kumuaga mkuu wake, kila mmoja na jalada lake kwapani.

"Om Naftali!" Pak Camat akaita. "Yuko wapi Om Naftali?"

"Yuko nyumbani, Bapak, anakunywa kahawa," nikamwambia. "Ila hana barua ya kazi."

Nilimwonea huruma, maana nimemchemshia maji tangu akiwa karani. Nikauondoa mguu kwenye ngazi, nikatoa kitambaa kwenye kibwebwe, nikakikunja vizuri, upande safi juu.

"Anza na lile la juu kabisa, Bapak. Hilo ndilo mama."

Akakipokea kwa mikono miwili, mbele ya watu wote, kama tuzo.