Hotuba ya Mama Nchagwa Siku ya Kutangaza Dawa Iliyoshinda

Mheshimiwa Baba Nchagwa, mwenyekiti wa kudumu wa kiti pekee chenye mgongo hapa nyumbani; Mheshimiwa sana mama mkwe, Bibi Robi, mkuu wa chungu cha mizizi; Mheshimiwa Mama Vedasto, mwombezi wa kimataifa ngazi ya kitongoji; mwanangu Nchagwa, mgonjwa na mgeni rasmi; kuku, mbuzi na wadau wote wa maendeleo hapa Kemambo: itifaki imezingatiwa, na niliyemruka ajihesabu ametajwa. (Makofi. Jogoo anawika.)

Nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, mimi niliyeishia darasa la nne kwa sababu za kiufundi, kutangaza matokeo ya Mradi Shirikishi wa Kupima Ufanisi wa Tiba za Akili, ambao tangu Nchagwa aanze kuongea na watu nisiowaona nimeusimamia kwa weledi, uwazi na kukosa usingizi. Zimeshindanishwa tiba tatu: vidonge vya hospitali ya mjini, maombi ya Mama Vedasto na mizizi ya mama mkwe. Sasa kijana analala, anachunga, na juzi alicheka, na kilichomchekesha hata sisi tulikiona. Mafanikio ni asilimia sabini na kitu, hicho kitu kinaendelea kuchakatwa. (Vigelegele.)

Changamoto ni ndogo tu, kwamba kila mdau anasema ni yeye kamponya. Ofisi yangu ikaenda kwa nesi Agustina kujengewa uwezo. Akanielewesha taratibu kwamba vidonge visiachwe hata siku moja, ila hivyo vingine tuviweke pembeni kimoja kimoja, tuone. Akasema huko ndiko kufanya majaribio. Ofisi yangu ikasikia majaribu. Nikarudi mbio kulitangazia kanisa kuwa hospitali inamletea mwanangu majaribu, watu wakafunga, na mama mkwe akaongeza mizizi. (Kicheko. Mama Vedasto hacheki, alifunga kavu, bila hata maji.)

Na hata nilipoeleweshwa upya, ndugu wajumbe, sikuthubutu. Kila nikitaka kuondoa kimoja nawaza, je kama hicho ndicho kinachomshikilia? Basi mkurugenzi, yaani mimi, akaendelea kumnywesha vyote asubuhi, kimoja juu ya kingine, akaita hiyo data. Na sasa, kwa heshima na taadhima, namtangaza mshindi…

(Mgeni rasmi anasimama bila kuitwa. "Mama, mimi hamjaniuliza. Ile mizizi naitapika nyuma ya zizi. Siku vidonge vikitoka nayo, wale watu wanarudi kuniongelesha."

"Mura, kijana wangu, mbona hukusema?" anauliza Bibi Robi.

"Mlikuwa mnabishana nani kaniponya.")

Naam. Ofisi yangu imepokea fidbeki. Ofisi yangu inaomba kukaa kidogo.

(Anakaa. Anasimama tena.)

Kemambo hoyee! Vidonge hoyee! Maombi yaendelee, hayatapishi mtu. Chungu… (Bibi Robi anamkazia macho.) Chungu, mama, kwa heshima zote, tutapikia maharage.

Nawashukuru sana kwa kushiriki kikamilifu katika mradi ambao haukuwahi kuwepo. Hapakuwa na kupima. Palikuwa na mama anaogopa. Nchagwa, sogea hapa karibu. Leo umeamkaje, baba?