Ofisi Isiyopokea Hapana

Kwa heshima kubwa, Ofisi ya Kuunganisha Maji inautangazia umma kwamba maombi yote yamefanikiwa, yakiwemo yale ambayo bado hayajaletwa.

Mimi ndiye mama wa mapokezi. Tangu marehemu mume wangu atangulie mbele za haki nimekaa kwenye meza hii, na namshukuru Mungu kunijalia kazi mahali pasipo na makwazo.

Siri ya mafanikio yetu ni programu. Ina sehemu mbili: Dirisha, analoliona mwananchi kwenye kompyuta, na Stoo, inayohifadhi maombi. Dirisha huiambia Stoo, hifadhi ombi hili. Stoo hukagua, kisha hurudisha jibu, ndiyo au hapana, pamoja na sababu. Dada aliyeiandika, tunamwita Miwani, alikuwa ameliagiza Dirisha lipokee jibu na kulisoma. Mkurugenzi alishtuka.

"Hapana inawavunja watu moyo. Dirisha likishatuma, liandike Hongera basi."

"Na Stoo ikikataa, bosi?"

"Ikatae huko huko ndani. Mambo ya ndani hayatoki nje."

Miwani akafuta mistari yake. Tangu siku hiyo hakuna aliyekataliwa.

Wasio na shukrani hawakosekani. Wifi yangu ana mapacha wachanga na bomba kavu. Kila akija, ndoo kichwani, anajaza ombi upya, anapongezwa upya.

"Wifi, Hongera ninazo za kutosha. Nikizikamua zitatoa maji?"

"Punguza sauti. Umefanikiwa."

"Nimefanikiwa kunuka! Nepi zimenishinda."

Nikamwombea subira.

Asubuhi moja Mkurugenzi aliingia na koti zuri, taulo shingoni, povu limemkaukia sikioni. Maji yalikuwa yamekatika kwake katikati ya kuoga. Akalisogelea Dirisha mwenyewe, akajaza ombi. Hongera. Akarudia. Hongera. Akapiga meza.

"Miwani! Hii mashine inanidhihaki?"

"Inakupongeza, bosi. Jibu la Stoo linarudi, ila hakuna wa kulipokea."

"Lipokeeni!"

"Hata likiwa hapana?"

"Hata likiwa tusi!"

Miwani akairudisha mistari yake. Mkurugenzi akatuma tena. Dirisha likatulia kidogo, likaandika: Hapana. Namba ya nyumba haikujazwa.

"Nani asiyeijua nyumba yangu?"

"Stoo, bosi."

Wifi, aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, alichungulia begani kwake.

"Kumbe ni namba tu? Hebu sogea huko, baba." Akaandika yake. Ndiyo. Fundi anakuja.

Mkurugenzi hakuikumbuka namba yake, maana siku zote hupelekwa na dereva. Akampigia mkewe. Mkewe naye alikuwa na sabuni machoni, akasema neno ambalo mjane mcha Mungu haliandiki, akakata simu.

Jioni wifi alirudi kutushukuru, ndoo imejaa mpaka juu. Mkurugenzi alikuwa bado anajikuna.

"Mama, nigawie kidogo, nisuuze hili sikio tu."

Wifi alimtazama kwa huruma ya kweli, akainama kwa adabu.

"Ombi lako nimelipokea, Mkurugenzi. Hongera."

Akajitwika ndoo yake, akaenda kuogesha mapacha. Mkurugenzi akabaki na taulo lake. Miaka yote niliyokaa pale, sijawahi kumwona amefanikiwa kiasi kile.