Maua Yasiyotaka Kujitegemea

Jumatatu, 3 Machi
Mtaalamu wa mimea amepanda mlima leo, skafu hadi masikioni, akatutangazia. Msimamizi wa bustani anastaafu. Tarehe tano mwezi ujao atahesabu aina za mimea katika vipande vyetu viwili. Mwenye aina nyingi ndiye msimamizi mpya, na nyumba ya mawe yenye meko na dohani ni yake. Dohani! Huku juu ambako hata miti imekata tamaa ya kuota!

Mke wangu yuko kwa mama yake tangu maji yalipoganda ndani ya birika letu. Alisema atarudi nikimpa nyumba yenye moto. Basi.

Mpinzani wangu ni shemeji, kaka wa mke wangu. Tunamwita Kesho, kwa kuwa kazi zake zote ataanza siku hiyo. Kipande chake: mawe, mavi ya mbuzi wake, aina kumi na tisa. Changu: ishirini na moja. Huu si ushindani, ni mazishi.

Jumatano, 5 Machi
Dosari moja tu: Mto. Ni mmea mgumu, umejikusanya chini mfano wa mto wa kulalia, ndiyo maana tukauita hivyo. Robo nzima ya kipande changu! Robo ya ardhi kwa aina moja, hesabu gani hiyo? Nimeing'oa Mito yote.

Ndani yake nimekuta vimaua vimejibanza, vinadekezwa kama kitinda mimba. Vimenikera. Mimi nilianza maisha na jembe la kuazima, sikubebwa na mtu. Nimevipanda upya peupe, kwa mstari. Vijitegemee! Kesho amepita, akauliza sasa vitoto hivyo vitalala wapi. Nikamwambia akalale yeye, ndiyo fani yake.

Ijumaa, 7 Machi
Mungu wangu! Jalidi! Nimeamka nikakuta kipande cheupe kama kimemwagiwa chumvi. Vimaua vyangu vyeusi, teketeke, mboga iliyosahaulika jikoni. Nimehesabu aina: kumi na mbili. Nimehesabu tena nikianzia upande wa pili. Kumi na mbili!

Kwa Kesho, jalidi ile ile, mlima ule ule, na vimaua vyake vimo ndani ya Mito yake vinachungulia kama watoto wa jirani dirishani. Hujuma hii. Nimemuuliza alichomwaga kwangu usiku. Akaapa kwamba yeye akishalala hageuki hata ubavu, amwage nini?

Jumamosi, 8 Machi
Nimegundua. Mimea yangu ina njaa, na mbuzi wa Kesho anaimega ikijaribu kuinuka. Dawa: magunia matatu ya samadi ya kuku, na uzio wa waya. Mama mkwe ametuma salamu. Anauliza nyumba imefikia wapi, maana binti yake anammalizia kuni. Nimemjibu: mama, washa za mwisho.

Jumatatu, 24 Machi
Asubuhi: Nyasi hadi magotini! Hakuna kipande cha kijani kama changu mlima mzima. Nimempigia mke wangu, nimemwambia afungashe, tarehe tano ahame.

Mchana: Nimefunua nyasi ili nihesabu. Nimeketi chini. Mle ndani giza kama stoo, na aina zimebaki nne. NNE! Nilimwaga samadi ili wote wale. Nani angejua kuwa nyasi moja itakula kwa niaba ya ukoo mzima, kisha iwazibie wenzake jua? Hayo ni maadili gani?

Nimpigie mke asije? Nisubiri kidogo. Labda nyasi zitajirekebisha.

Jumamosi, 5 Aprili
Hazikujirekebisha.

Mimi nne. Kesho ishirini na tatu! Mbuzi wake alinyoa majani marefu, wadogo wakapata jua, wakajitokeza. Kesho mwenyewe hakufanya chochote! Ni shahidi mimi, nilimwona kwa macho yangu asivyofanya chochote!

Mtaalamu amenieleza taratibu, kwa sauti ya kumfariji mgonjwa. Kwenye baridi, mimea huishi kwa kukumbatiana. Ndani ya Mto kuna joto na unyevu zaidi kuliko nje. Ukiilisha kupita kiasi, inaacha kukumbatiana, inashikana mieleka, na mbuzi ndiye refa. Akaniuliza kama nimeelewa. Nikamwambia: mpaka mwisho.

Nyumba amepewa Kesho. Jioni mke wangu amefika na mabegi yake, akahamia kwenye dohani kama nilivyomwahidi. Kwa kaka yake! Ametuma neno: nafasi ipo karibu na moto, baba, acha kiburi, njoo. Nimekataa. Mimi si kimaua.

Jumapili, 6 Aprili
Nimetafakari. Tatizo lilikuwa dogo tu. Mbuzi! Mbuzi mmoja alimwongezea Kesho aina nne. Basi mbuzi tisa ni aina thelathini na sita. Jumlisha nne zangu: AROBAINI! Mtaalamu akirudi itabidi aketi.

Mfugaji wa bondeni ameniazima wote tisa. Alikubali upesi hadi nikamwonea huruma. Nimewaingiza kwenye kipande na kukaza waya wasitoke. Wanatafuna kwa bidii sana. Kesho amechungulia, akauliza kama nina hakika, shemeji. Nikamwambia arudi motoni kwake.

Chumbani birika limeganda tena. Naandika haya ndani ya uzio, nimejibanza katikati ya mbuzi watatu wanene. Pana joto la ajabu, hata wino umeanza kutiririka. Yule mtaalamu na hadithi zake za kukumbatiana!

Mtu ajitegemee.